SARATANI NI KAA: Fahamu asili ya jina hili, na kwa nini si kila uvimbe ni saratani



Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuzungumze kuhusu neno moja ambalo watu wengi wanaogopa hata kulitamka. Neno lenyewe ni saratani. Wengine husema kansa, wengine husema "ule ugonjwa", na wengine hushusha sauti kabisa, kana kwamba ukilitaja utaualika nyumbani. Sisi wa vituo vya afya nasi tumo katika kundi hilo, na kabla sijakueleza maana ya neno hili sina budi kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2016, nikiwa bado mgeni katika kazi ya utabibu, alikuja mama mmoja kutoka kijiji kimoja cha Handeni. Alikuwa na kivimbe kwenye titi la kushoto, kigumu, kisichouma. Aliniuliza, "Mwanangu, hiki ni nini?" Nikamjibu, "Ni uvimbe, mama. Nenda hospitali kubwa wakakuangalie zaidi." Nikamwandikia barua ya rufaa. Katika barua ile niliandika kwa Kiingereza kwamba nashuku saratani ya titi. Yeye hakuijua lugha ile. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikidhani nimemhurumia.

Yule mama alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Tabibu kasema ni uvimbe tu." Uvimbe tu unakandwa kwa maji ya moto na majani. Barua ikawekwa sandukuni. Baada ya miezi minane alirudi, na safari hii palikuwa na kidonda. Nilipomweleza aliniuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo: "Kwa nini siku ile hukuniambia jina lake?" Alipelekwa mbele, akatibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, lakini alikuwa amechelewa. Allah amrehemu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo tunalitaja jina. Tutaangalia limetoka wapi, lina maana gani, na linatofautianaje na uvimbe wa kawaida, ili wewe na watu wa nyumbani kwako msije mkachelewa kwa sababu ya neno.

NENO SARATANI LIMETOKA WAPI?

Aliyepita madrasa analijua neno hili kabla hajaingia hospitali. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani na wa mitoni anayetembea kiubavu. Waliosoma falaki wanakumbuka kuwa Saratani ni moja ya buruji kumi na mbili, baada ya Jauza na kabla ya Asadi. Mimi nililijua kwa njia hiyo, nikiwa mwanafunzi mdogo Korogwe. Nilipolikutia tena chuo cha utabibu nilishangaa: kaa anahusikaje na ugonjwa?

Jawabu liko mbali sana. Madaktari wa Ugiriki ya kale, tangu zama za Hippocrates aliyezaliwa karibu mwaka 460 kabla ya Nabii Isa (AS), waliuita ugonjwa huu karkinos, yaani kaa. Mrumi mmoja aitwaye Celsus, katika karne ya kwanza, aliandika kwa Kilatini akatumia neno cancer, ambalo nalo ni kaa. Hilo ndilo lililopita kwa Waingereza likatufikia sisi kama kansa. Kwa upande mwingine, wafasiri wa Baghdad katika karne ya 9, wakiwemo watu wa Hunayn bin Is-haq aliyekuwa mfasiri mkubwa wa vitabu vya tiba, waliyageuza maandishi ya Wagiriki kuwa Kiarabu. Karkinos ikawa saratan. Kwa hiyo anayesema kansa na anayesema saratani wanamtaja kaa yule yule, isipokuwa mmoja amempitisha Roma na mwingine amempitisha Baghdad.

Kwa nini kaa? Galen, tabibu wa karne ya 2, alieleza kuwa uvimbe wa titi ulioendelea huzungukwa na mishipa iliyotuna pande zote, mithili ya miguu ya kaa. Paulo wa Aegina, aliyekuwa Aleksandria katika karne ya 7, alitaja sababu nyingine: ugonjwa huu ukishika mahali hauachii, kama kaa alivyo. Kijana yeyote aliyewahi kuingiza mkono kwenye shimo la kaa kando ya mto Pangani anaielewa sababu hiyo bila kufundishwa.

MATABIBU WA KIISLAMU WALISEMAJE?

Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliieleza saratani katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb. Kwa elimu ya wakati ule, yeye kama Wagiriki waliomtangulia aliamini kuwa inatokana na nyongo nyeusi. Katika hilo hakupata, na si ajabu, kwa sababu hakukuwa na hadubini. Lakini aliona vizuri kwamba ugonjwa huu huanza mdogo na kwamba nafasi ya tiba iko mwanzoni.

Aliyesema kwa uwazi zaidi ni Al-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki mwaka 1013 na ambaye anahesabiwa kuwa baba wa upasuaji. Katika kitabu chake cha Al-Tasrif alifundisha kuwa saratani ikiwa bado changa na ndogo, tena mahali panapoweza kukatwa pote, kama titi au paja, basi inaweza kukatwa. Ama ikishakuwa kubwa na kongwe, iachwe. Akakiri kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuponya hata mmoja wa aina hiyo, wala hakumuona aliyeweza. Fikiria, ndugu msomaji. Mtu mkubwa kama yule, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hana ganzi ya kisasa wala mionzi, na tayari anatuambia yale yale tunayoyasema leo kliniki: mapema kuna nafasi, ukichelewa mambo huwa magumu.

UVIMBE NI NENO PANA

Sasa tuje kwenye neno la pili, maana hapa ndipo yule mama alipopotea, na mimi ndiye niliyempoteza.

Uvimbe maana yake ni mahali palipovimba, basi. Neno halisemi pamevimba kwa nini. Kiarabu kina neno waram lenye upana huo huo. Kilatini kina neno tumor, na hapo zamani nalo lilimaanisha uvimbe wowote. Celsus niliyemtaja alilitumia kutaja moja ya dalili nne za mahali palipowaka: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa maana hiyo hata jipu lilikuwa tumor. Ni baadaye tu ndipo madaktari walipolibana neno hilo likabaki kwa ajili ya nyama iliyoota isivyo kawaida.

Katika wilaya zetu za Handeni na Korogwe tunaona uvimbe wa kila namna. Kuna jipu, linalouma na kutoa usaha. Kuna mtoki, unaokuja kwenye kinena kwa sababu ya kidonda cha mguuni. Kuna busha, linaloletwa na minyoo midogo ya matende inayoenezwa na mbu. Kuna ngiri, ambayo ni utumbo uliosukuma ukuta wa tumbo. Kuna rovu la shingoni, ambalo mara nyingi hutokana na upungufu wa madini joto. Kuna vivimbe laini vya mafuta chini ya ngozi, na kuna mayoma kwenye kizazi. Yote haya ni uvimbe, na hakuna hata mmoja kati ya hayo ambao ni saratani.

Kwa hiyo usikimbilie kuogopa. Lakini pia usikimbilie kutulia. Ukiambiwa "una uvimbe", bado hujaambiwa ugonjwa wako.

HAMIDI NA HABITHI

Waarabu wa leo wanapotofautisha vivimbe vilivyoota mwilini hutumia maneno mawili ambayo kila aliyesoma madrasa anayajua. Uvimbe usio saratani huitwa waram hamid, na ulio saratani huitwa waram khabith. Hamidi ni wa kusifika, na habithi ni mwovu. Maneno hayo yanafundisha vizuri.

Uvimbe hamidi hukua pale pale ulipo. Unaweza kuwa mkubwa, unaweza kukukera, hata kukandamiza kiungo cha jirani ikalazimu ukatwe, lakini hauvamii wala hauhami. Uvimbe habithi huvamia nyama iliyo jirani, kisha mbegu zake hupita kwenye damu au mitoki na kuota mbali, kwenye ini, mapafu, mifupa au ubongo.

Siri ya jambo hili ilijulikana karne ya 19. Mwaka 1838 Mjerumani Johannes Müller alionyesha kwa hadubini kuwa vivimbe hivi vimejengwa kwa seli, zile chembe ndogo zinazojenga mwili mzima. Mwanafunzi wake, Rudolf Virchow, akaendeleza somo hilo. Nyongo nyeusi ikaondoka kwenye vitabu. Tukajua kwamba saratani ni seli za mwili wako mwenyewe zilizoacha kutii amri ya kukua kwa kiasi na kufa kwa wakati wake. Si mdudu aliyeingia, wala si ugonjwa wa kuambukizana kwa kula sahani moja au kumuuguza mgonjwa. Tusimtenge mgonjwa wa saratani.

Jambo moja la kukusaidia ukisoma karatasi yako ya hospitali: majina mengi ya vivimbe huishia na "oma", mkia wa neno uliotoka kwa Wagiriki. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, nao ni hamidi. Mayoma ni wa misuli ya kizazi, nao kwa kawaida ni hamidi. Lakini karsinoma, sakoma na limfoma ni saratani. Hivyo mkia wa neno peke yake haukuambii kitu. Muulize aliyekuandikia.

SARATANI ILIYOGUNDULIWA KWETU

Wapo wanaodhani saratani ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri wa mjini. Si kweli. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Akaanza kuwatafuta wengine wa aina hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maelfu ya maili kutoka Uganda, wakipita Tanganyika mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakagundua kuwa ugonjwa ule unapatikana sehemu za joto na mvua, na haupatikani kwenye nyanda za juu zenye baridi. Yaani unafuata njia ile ile ya malaria.

Mwaka 1964 wanasayansi wa London, Epstein, Achong na Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe ule uliopelekwa kutoka Kampala. Leo inafahamika kuwa kirusi hicho pamoja na malaria ya mara kwa mara ndivyo vinavyomfikisha mtoto huko. Ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt.

Watu wa Korogwe mnaielewa tofauti ya bondeni na milimani kuhusu malaria. Kituo cha utafiti cha NIMR kilichopo Korogwe kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Kwa hiyo unapomlaza mwanao ndani ya chandarua chenye dawa, unamkinga na homa na pia unapunguza nafasi ya uvimbe huu. Na ukiona taya la mtoto linavimba haraka na meno yanalegea, usiseme ni jino tu. Limfoma hii hukua kwa kasi sana, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mno zikiwahiwa. Vile vile, ukiona mboni ya jicho la mtoto inang'aa nyeupe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Kwa akina mama. Siku chache baada ya hedhi kuisha, matiti huwa laini na rahisi kuyapapasa. Mwanamke wa Kiislamu ana ukumbusho wake tayari, nao ni josho la kujitoharisha. Ukioga josho hilo, chukua dakika chache upapase matiti yote mawili na makwapa kwa vidole vilivyonyooshwa. Tafuta kivimbe kigumu, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, au damu inayotoka kwenye chuchu. Kutouma si dalili ya usalama. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.

La pili ni damu. Katika Tanzania, saratani inayowapata wanawake zaidi kuliko zote ni ya mlango wa kizazi. Mwanamke akiona damu nje ya siku zake, au baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kwa umri, swali la kwanza nyumbani kwetu huwa la fiqhi: je, hii ni hedhi au istihadha, na sala nifanyeje? Masheikh wetu hujibu vizuri kuhusu udhu na sala. Ninawaomba, kwa heshima zote, waongeze sentensi moja: "Na kesho nenda kliniki." Kipimo cha awali ni chepesi, mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama pana sehemu imegeuka nyeupe.

Saratani hiyo karibu yote huletwa na kirusi kiitwacho HPV, na chanjo yake ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Wazazi wenzangu, chanjo haimfundishi binti tabia mbaya. Binti mwenye maadili anaweza kuolewa na mume aliyebeba kirusi bila kujua.

Kwa wote. Angalia kushindwa kumeza kunakozidi, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, mkojo wa damu, na kukonda bila sababu. Kichocho kilichoachwa bila tiba kwa miaka mingi huleta saratani ya kibofu. Ugoro na sigara huleta saratani ya mdomo, koo na mapafu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu, ambayo huharibu ini na kuleta saratani yake. Kwa hiyo sisi wakulima wa mahindi wa Handeni tukaushe vizuri kabla ya kuweka ghalani, na yaliyoota ukungu tusiyasage.

MAMBO YANAYOTUCHELEWESHA

La kwanza ni kauli kwamba "uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa". Kilichopo ni kwamba njia ya uhakika ya kujua kama uvimbe ni hamidi au habithi ni kuchukua kinyama kidogo kikapimwe kwa hadubini. Kinachosambaza ugonjwa ni kuuacha ukue. Watu wengi waliofanyiwa upasuaji wakafariki walikuwa wamefika ugonjwa ukiwa umeshatembea.

La pili ni dawa za kunywa na kupaka. Asali na habbat sauda ni vitu vyenye heri, lakini hakuna ushahidi kuwa vinaondoa saratani. Kisomo na dua ni haki ya mgonjwa na faraja yake. Tumefundishwa na Mtume (SAW) kuwa kujitibu hakupingani na kumtegemea Allah. Basi msomee mgonjwa, na umpandishe gari.

La tatu ni haya. Mama anaona aibu kumwonyesha tabibu mwanamume. Omba uhudumiwe na mwanamke. Ikiwa hayupo, njoo na mumeo au ndugu yako abaki chumbani. Wanazuoni wameruhusu jambo hili wakati wa dharura, na kivimbe kigumu kwenye titi ni dharura.

La nne ni sisi matabibu tunaoficha jina. Kwa hilo nakupa maswali manne ya kumuuliza yeyote atakayekuambia una uvimbe: Je, unashuku kuwa ni saratani? Kipimo gani kitatuhakikishia? Natakiwa niende wapi na kabla ya siku gani? Barua hii imeandikwa nini, nisomee kwa Kiswahili. Ni haki yako, na usiondoke bila majibu.

Safari yenyewe kwa watu wa kwetu huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Bombo, Tanga. Matibabu ya saratani hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, na pia KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Familia zijipange mapema kuhusu nauli na mahali pa kufikia, na misikiti isaidie kama tunavyochangishana kwenye misiba. Mchango wa kumpeleka mtu hospitali ni bora utangulie ule wa sanda.

Ndugu msomaji, binti wa yule mama alikuja kituoni kwetu baada ya miaka kadhaa. Naye alikuwa na kivimbe. Safari hii nilimwambia wazi, "Dada, huu ni uvimbe. Inawezekana ni hamidi, inawezekana ni saratani. Kwa kugusa tu sijui, na lazima tujue kabla ya mwezi huu kwisha." Alilia kidogo, akauliza yale maswali manne, na wiki ile ile akasafiri na kaka yake. Majibu ya kinyama yalirudi kuwa ni uvimbe hamidi, Alhamdulillah. Aliniambia kilichomfanya awahi si ujasiri. Ni kwamba alikuwa amelisikia jina.

Litajeni jina nyumbani, kwa mama, kwa binti na kwa mzee asiyeweza kumeza.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, Insha Allah.